Wanga Umesingiziwa

Msomaji, neno wanga lina maana mbili katika lugha yetu. Wanga ni wachawi wa usiku, ambao husingiziwa kila kifo na kila kilio cha mtaa. Na wanga ni ile asili ya chakula iliyomo katika mahindi, mtama, mihogo, viazi, mchele na ndengu, ambayo humpa mtu nguvu za kulima, za kutembea na za kufikiri. Siku hizi maana hizi mbili zimechanganywa. Wako watu wengi, wenye kauli tamu na bidhaa za kuuza, ambao huutaja wanga wa chungu kwa chuki ile ile ambayo watu wa zamani waliwatajia wanga wa usiku. Husema kwamba ndio unaonenepesha, ndio unaoleta maradhi, na kwamba mtu akiufukuza nyumbani mwake mwili wake utapungua bila ya taabu. Insha hii imeandikwa ili kumtetea mshitakiwa huyu. Haidai kwamba hana kosa hata moja. Yadai kwamba amehukumiwa bila ya kusikilizwa, na kwamba hukumu hiyo ikitimizwa, watakaoumia ni watu wasio na hatia.

Mahali pa kuisikiliza kesi hii pawe Emali. Emali ni mji wa njia panda katika Kaunti ya Makueni, juu ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa. Reli ya zamani ilipita hapo mwishoni mwa karne ya 19, na reli mpya ilipofunguliwa mwaka 2017 nayo ilijengewa stesheni hapo. Kutoka Emali barabara nyingine huchepuka kwenda Oloitokitok na Amboseli, katika nchi ya Wamaasai. Kwa hiyo mji huu umekuwa mpaka na makutano ya jamii mbili: Wakamba, ambao chakula chao kikuu hutoka shambani, mahindi, mtama, mbaazi, kunde na ndengu, na Wamaasai, ambao chakula chao cha asili kilitoka zizini, maziwa, nyama na damu. Katika soko la mifugo la Emali watu hawa hukutana, hupatana bei, huagana na kwenda zao. Vyungu viwili vinavyogombaniwa na dunia leo, chungu cha nafaka na kibuyu cha maziwa, hapo ni majirani wa siku nyingi. Hapana baraza lifaalo zaidi kuamua ni kipi kinachonenepesha.

Haki yataka tuanze kwa kuieleza hoja ya washitaki kama wanavyoieleza wenyewe, wala tusiipunguze nguvu. Mtu alapo ugali, wali au viazi, tumbo huugeuza wanga kuwa sukari, na sukari hiyo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo kazi yake ni kuifungulia sukari milango ya nyama za mwili, na wakati huo huo kuyazuia mafuta yaliyowekwa akiba yasitoke. Sehemu ya sukari hiyo huhifadhiwa katika ini na misuli kwa namna iitwayo glikojeni. Mtu akipunguza wanga hata usizidi gramu 50 kwa siku, na wengine huushusha hata gramu 20, akiba hii ya glikojeni hupungua kwa siku chache. Insulini hushuka, mafuta ya mwili hufunguliwa, na ini huyageuza baadhi yake kuwa vitu viitwavyo ketoni. Ubongo, ambao kwa kawaida hutumia karibu gramu 120 za sukari kila siku, hujizoeza kutumia ketoni badala ya sehemu kubwa ya sukari hiyo. Kwa ajili ya ketoni hizi ulaji huu huitwa lishe ya ketojeniki, au keto kwa ufupi. Aufuataye hupata karibu robo tatu ya nguvu zake katika mafuta: siagi, samli, nyama yenye mafuta, mayai, nazi na parachichi. Ugali, wali, chapati, viazi, maharagwe na matunda mengi huwa ni haramu kwake.

Yote hayo ni kweli, na mwanafunzi wa elimu ya viumbe hana sababu ya kuyakana. Kosa haliko katika maelezo haya. Liko katika hukumu inayotolewa baada yake.

Wala jambo hili si geni kama linavyotangazwa. Mwaka 1863, mjini London, mtu mmoja aliyeitwa William Banting, ambaye kazi yake ilikuwa kuandaa mazishi, alichapisha kijitabu cha kueleza jinsi alivyopungua mwili kwa kuacha mkate, sukari, viazi na bia. Mwaka 1921 daktari Russell Wilder wa Mayo Clinic, huko Marekani, alipendekeza lishe ya ketojeniki kwa wagonjwa wa kifafa, kwa kuwa ilikuwa imeonekana kwamba mgonjwa akifunga kula, degedege zake hupungua; unene haukuwa haja yake. Mwaka 1972 daktari mwingine wa Marekani, Robert Atkins, alitoa kitabu kilichourudisha ulaji huu mbele ya watu waliotaka kupungua. Basi tangu Banting hadi leo imepita zaidi ya miaka 160. Dawa hii imezikwa na kufufuliwa mara nyingi, na kila inapofufuliwa huitwa siri mpya. Lau ingekuwa na nguvu wanazoisifia, watu wa Uingereza na Marekani, walioijua kwanza, wasingekuwa leo wakilalamikia unene kuliko walivyolalamika wakati wa Banting.

Ushahidi wa kwanza wa washitaki ni mizani. Mtu huacha ugali siku ya Jumapili, na Jumapili ya pili hupanda juu ya mizani akakuta kilo tatu zimekwenda. Hushangilia, nao majirani humwonea wivu. Msomaji, chukua kalamu ufanye hesabu pamoja nami. Kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori 7,700 hivi. Kilo tatu ni kalori 23,100. Tuseme mtu huyu huhitaji kalori 2,200 kila siku. Kwa siku saba ni kalori 15,400. Basi hata kama asingetia punje moja mdomoni mwake juma zima, asingeweza kuchoma kilo tatu za mafuta. Kimekwenda nini, basi? Yamekwenda maji. Glikojeni haikai peke yake mwilini. Kila gramu yake hushikana na gramu tatu hivi za maji. Akiba ya mtu mzima ni karibu nusu kilo, na ikiisha huondoka pamoja na kilo moja na nusu ya maji, jumla kilo mbili. Tena insulini ikishuka, figo hutoa chumvi nyingi zaidi, na maji mengine huifuata chumvi hiyo. Ndiyo maana wengi huumwa kichwa na kulegea katika siku za mwanzo. Mtu huyo akirudia chakula chake cha kawaida, maji yale hurudi kwa siku chache, na mizani hupanda. Yeye hudhani amenenepeshwa na sahani moja ya wali, naye muuzaji humwambia, "Umeona? Nilikuonya." Hivyo ndivyo shahidi mmoja anavyosema uongo mara mbili: mara ya kwanza akishuka, na mara ya pili akipanda.

Ushahidi wa pili ni insulini. Wasema kwamba insulini ndiyo kufuli ya mafuta. Ukiacha wanga kufuli hufunguka, mafuta hutoka, nawe hupungua hata ukila ushibe namna gani. Watu wa Makueni wana maneno ya kujibu hoja hii, kwa kuwa wanajua maana ya ghala. Nchi yao ni ya mvua chache, na historia yao imehesabiwa kwa majina ya njaa. Ile ya mwishoni mwa karne ya 19, wakati reli ilipokuwa ikijengwa, iliitwa Ngomanisye; ile ya mwaka 1984 iliitwa Nikw'a Ngwete, maana yake mtu hufa na fedha zimo mkononi, kwa kuwa chakula cha kununua hakikuwapo. Mwili nao una ghala lake, na mafuta ndiyo nafaka yake. Sasa tuseme mwenye ghala amefungua mlango wa nyuma na magunia kumi yanatoka, lakini katika mlango wa mbele anapokea magunia kumi mengine. Je, ghala litapungua? Mlango umefunguliwa kweli, na magunia yanatoka kweli, lakini hesabu ya ghala ni ile ile. Mla keto huchoma mafuta mengi, hapana ubishi; lakini mafuta yale huwa kwanza ni ya siagi na nyama aliyoila jana. Ghala lake halipungui mpaka kinachotoka kizidi kinachoingia. Na gramu moja ya mafuta ina kalori 9, hali gramu moja ya wanga ina kalori 4. Mlango wa mbele una magunia mazito.

Mambo haya yamejaribiwa kwa watu, na majibu yake yamechapishwa. Mwaka 2003 wataalamu wa Marekani walitoa habari za watu wanene 63, ambao baadhi yao walipewa ulaji wa wanga kidogo na wengine ulaji wa kawaida wa mafuta kidogo. Baada ya miezi sita wale wa wanga kidogo walikuwa wamepungua zaidi. Baada ya mwaka mmoja tofauti ilikuwa imefifia hata haikuweza kutegemewa. Mwaka 2018 Christopher Gardner na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walitoa habari za jaribio kubwa zaidi, la watu 609 kwa miezi kumi na miwili. Kundi moja lilipunguza wanga, likianza na gramu 20 kwa siku na kuongeza hadi kiasi ambacho kila mtu aliona anaweza kukishika. Kundi jingine lilipunguza mafuta. Makundi yote mawili yaliambiwa yaepuke sukari na unga uliokobolewa, na yale mboga kwa wingi. Waliopunguza wanga walipungua kilo 6.0 kwa wastani. Waliopunguza mafuta walipungua kilo 5.3. Tofauti hiyo ni ndogo hata wataalamu wenyewe hawakuihesabu kuwa kitu. Na wale walioanza na gramu 20 za wanga, mwisho wa mwaka walikuwa wanakula zaidi ya gramu 100. Njia ile nyembamba haikupitika muda mrefu.

Yamkini utaniuliza, msomaji: mbona basi wako watu waliopungua kweli kwa keto, si maji tu bali mafuta? Wako, na sababu yake ni rahisi. Aliyekatazwa wanga amekatazwa pia mandazi ya asubuhi, soda ya mchana, chipsi za jioni, keki ya harusi na vijiko vitatu vya sukari katika kila kikombe cha chai. Mayai na nyama hushibisha upesi na kwa muda mrefu, na huenda ketoni zenyewe hupunguza hamu ya kula. Pia, mtu aliyeondolewa vyakula vyote alivyovizoea hana budi kula kidogo, kwa kuwa hata siagi huchosha ulimi. Kwa hiyo hula kalori chache bila ya kuzihesabu, na ghala hupungua. Ndiyo siri yote. Amepungua kwa kula kidogo. Lakini "kula kidogo" haliuziki. Ni neno ambalo kila bibi alimwambia mjukuu wake bila ya malipo. Ndiyo maana likavishwa kanzu ya ketoni.

Sasa na tuwaite mashahidi wa Emali. Washitaki hupenda sana kumtaja Mmaasai. Husema, "Tazama Mmaasai: hula nyama na maziwa, halimi nafaka, naye ni mwembamba kama mkuki." Mwaka 1931 John Boyd Orr na John Gilks walichapisha uchunguzi wao uliowalinganisha Wamaasai na Wakikuyu wa Kenya. Walikuta kwamba wanaume wa Kimaasai walikuwa warefu zaidi kwa inchi 5, na wazito zaidi kwa ratili 23. Wazito zaidi, msomaji, si wepesi zaidi! Uzito huo ulikuwa wa mifupa na misuli, si wa kitambi. Lakini hata hivyo shahidi huyu hakusema alichoitwa kukisema. Katika miaka ya 1960 daktari George Mann wa Chuo Kikuu cha Vanderbilt aliwachunguza Wamaasai wanaume 400 huko Tanganyika, akakuta dalili chache za ugonjwa wa moyo ingawa walikula mafuta mengi ya wanyama. Baadaye, mwaka 1972, yeye na wenzake walitoa habari za maiti 50 walizozipasua: mishipa ya moyo ilikuwa na utando wa mafuta kama ile ya wazee wa Marekani, lakini ilikuwa mipana, na Mann aliona kwamba yamkini ilipanuliwa na mwendo na mazoezi ya maisha yao. Mmaasai wa siku zile alitembea na ng'ombe wake kutwa katika jua. Anayekula nyama ya Mmaasai juu ya kiti cha ofisi amechukua nusu ya maisha ya Mmaasai, na nusu aliyoiacha ndiyo iliyokuwa na faida.

Tena kuna jambo ambalo washitaki hawalisemi kabisa. Lita moja ya maziwa ya ng'ombe ina karibu gramu 48 za sukari ya maziwa, ambayo ni ya ukoo mmoja na wanga. Anayekunywa lita tatu kwa siku amepata gramu zaidi ya 140. Hata kama kibuyu kimeyagandisha na uchachu umeila sehemu ya sukari hiyo, bado inayobaki hupita mbali mpaka wa gramu 50. Kwa sheria ya keto, Mmaasai wa maziwa si mla keto hata kidogo. Ameitwa kutoa ushahidi katika dini asiyoifuata. Wahenga walituonya tusisafirie nyota ya mwenzetu. Hawa wamesafiria nyota ya mwenzao, na hata nyota yenyewe hawakuitazama vizuri.

Shahidi wa pili ni Mkamba, naye hajaitwa na mtu, kwa kuwa ushahidi wake hauuzi chochote. Chungu chake ni muthokoi, yaani mahindi yaliyotwangwa katika kinu mpaka maganda yametoka, kisha yakapikwa na maharagwe, mbaazi au ndengu. Na pembeni kuna majani ya kunde. Chungu hiki kimejaa wanga tangu chini hadi ukingoni. Kama wanga ndio unaonenepesha, vijiji vya Ukambani vingekuwa vimejaa watu wasioweza kupita mlangoni tangu enzi za mababu. Haikuwa hivyo. Walikula wanga, wakalima, wakachota maji mbali, wakapanda vilima, na miili yao ilikuwa ya kazi. Na ukitaka shahidi wa kutoka mbali zaidi ya Makueni, nenda Bonde la Ufa. Mwaka 2004 wataalamu walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji hodari kumi wa Kenya waliokuwa kambini. Zaidi ya robo tatu ya nguvu za chakula chao ilitoka katika wanga na sukari. Watu wembamba kuliko wote nchini walikuwa walaji wa ugali.

Basi majirani wawili wa Emali wametoa ushahidi, mmoja wa zizi na mmoja wa shamba. Vyakula vyao vilikuwa mbali kama mbingu na ardhi, na unene haukuwa ugonjwa wa yeyote kati yao. Yaani hatia haiko katika wanga wala katika mafuta, na tuitafute mahali ambapo jamii zote mbili zimebadilika pamoja. Pita katika barabara ya Emali leo, mahali malori na mabasi yanaposimama. Utaona chipsi zikielea katika mafuta, mandazi ya unga mweupe, na chupa za soda katika barafu. Chupa moja ya soda ya nusu lita ina zaidi ya gramu 50 za sukari, yaani vijiko vya chai zaidi ya kumi, nayo hunywewa kwa dakika tano bila ya kushibisha. Hapo Mkamba na Mmaasai hukaa meza moja na kula chakula kimoja, kisha hupanda pikipiki kwenda mahali ambapo baba zao walikwenda kwa miguu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu 27 katika kila watu wazima 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi au unene, na kati ya wanawake walikuwa 38 katika kila 100. Muthokoi haukuanza kuliwa juzi. Kilichoanza juzi ni sukari ya chupa, unga usio na kapi, mafuta ya kukaangia kila kitu, na miguu isiyotembea.

Hapa washitaki wana sehemu ya haki, na si uungwana kuwanyima. Soda, mandazi na chipsi zina wanga au sukari, nao wanapomkataza mtu vitu hivyo wanamfaa. Ubaya wao ni kwamba humfunga mwizi pamoja na mtu aliyekuwa akipita njia. Gramu 100 za ndengu zilizochemshwa zina gramu 19 hivi za wanga, ambamo zaidi ya 7 ni nyuzinyuzi zisizogeuka sukari, nazo zina gramu 7 za protini. Chakula hiki hushibisha, hupandisha sukari ya damu polepole, na huota katika udongo mkavu wa Makueni na Kitui ambao mahindi huushindwa. Kukiweka katika jela moja na soda ni dhuluma.

Dhuluma hii ina majeraha, na kwa ajili ya hayo sikuona vema kunyamaza. Tuseme yuko mama mwenye ugonjwa wa kisukari, anayejidunga insulini au kumeza vidonge vya kuishusha sukari. Anasikia redioni kwamba wanga ni sumu, naye anaacha ugali siku ile ile bila ya kumwambia daktari. Dawa yake ilipimwa kwa mlo wenye wanga. Sasa mlo haupo lakini dawa ipo. Sukari yake hushuka kupita kiasi, hutoka jasho, hutetemeka, huzimia, na huenda asiamke. Au tuseme yuko kijana ambaye mwili wake hautengenezi insulini kabisa, naye kwa kusikia kwamba keto huponya kisukari ameacha kujidunga. Ketoni zake hazitasimama mahali pa salama, bali zitapanda mpaka damu iwe kali kama asidi, na hali hiyo huua. Ketoni chache za mtu mzima mwenye afya na ketoni za kijana huyu zina jina moja, lakini hatari yao si moja. Mama mjamzito na anayenyonyesha pia hawafai kuingia njia hii kwa kubahatisha. Na watoto wa kifafa wanaotibiwa kwa lishe hii hospitalini huangaliwa kwa karibu, kwa kuwa imeonekana kwamba huweza kupata mawe katika figo. Kama daktari mwenyewe huitumia kwa hadhari, iweje muuzaji wa soko aitoe kama pipi?

Wala sisemi kwamba keto haina mahali pake. Ina mahali pake katika kifafa ambacho dawa zimekishinda. Wako pia wagonjwa wa kisukari cha ukubwani ambao, wakiangaliwa na daktari anayewapunguzia dawa kwa kipimo, sukari yao imeshuka vizuri kwa kupunguza wanga. Na mtu mzima mwenye afya, mwenye uwezo wa kununua nyama, samaki, mayai na mboga, akiona kwamba njia hii yamfaa na aweza kudumu nayo, hana haja ya kuomba ruhusa yangu. Ninalolipinga ni kuifanya njia ya wachache kuwa sheria ya wote, na kumfanya mkulima wa Makueni aone haya kwa chungu chake.

Maana haya hiyo ina gharama. Nyama na siagi ni ghali kuliko ndengu na mbaazi katika kila soko la nchi hii. Mtu wa kipato kidogo akiaminishwa kwamba afya imo katika vyakula vya ghali tu, atafanya moja kati ya mawili: atakopa ili ale kitajiri, au atakata tamaa ya afya kabisa na kurudi katika soda na mandazi. Na nyuma ya mhubiri wa keto hukosi kumwona mtu wa vidonge, wa unga wa kopo, na wa majani ya chai ya kupunguza tumbo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ndengu za Emali hazina mpiga debe, kwa sababu hapana awezaye kutajirika kwa kukuambia ule ulichopanda.

Nawe mwanafunzi usomaye maneno haya, jambo hili lakuhusu kuliko unavyodhani. Wako wasichana na wavulana wa rika lako ambao hujitazama katika kioo, wakajilinganisha na picha za watu wasiowajua, kisha wakaanza kusukuma kando sahani ya githeri katika bwalo la shule. Mwili wako bado wajengwa. Mifupa yako yarefuka, na ubongo wako wafanya kazi tangu asubuhi hadi usiku wa kudurusu. Wahenga walisema, shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Jihadhari na vyote viwili. Mtu akikwambia kwamba chakula fulani ni sumu, muulize maswali matatu: Kilo zilizopungua ni za maji au za mafuta? Waliojaribiwa walikuwaje baada ya mwaka mmoja? Na wewe unayeniambia, unauza nini? Asiyeweza kuyajibu hayo hastahili kutawala sahani yako.

Na ukiwa na mzazi au jirani ambaye mwili wake umezidi na daktari amemshauri apunguze, usimkimbizie kwenye mafuta wala usimtishe kwa wanga. Mwambie kwa heshima aanze na chupa ya soda, aiache. Kisha sukari ya chai, aipunguze. Kisha mandazi, ayaweke siku ya sikukuu. Ugali na upungue katika sahani, na majani ya kunde, mchicha na ndengu viongezeke. Atembee kwenda sokoni kama miguu yaruhusu. Kama anatumia dawa ya kisukari, asibadili mlo wake kabla ya kuonana na daktari. Atapungua polepole, pengine nusu kilo kwa juma, na mizani haitamshangilia; lakini kitakachokwenda kitakuwa mafuta, wala hakitarudi kwa sahani moja ya wali. Na chungu cha muthokoi kitabaki jikoni.